Meja wa Udongo

Nimefinyanga vitu vingi maishani mwangu, vyetezo vya kufukizia udi zaidi ya vyote, na katika vyote hivyo ni kimoja tu kilichofanana na mtu. Mtu mwenyewe hakustahili. Alikuwa Mzungu mfupi mwenye shingo nyekundu, msimamizi wa Kibra yetu, na alipenda aitwe Meja ingawa jeshi alikuwa ameshaliacha. Marehemu baba yangu, aliyekuwa shawishi, yaani sajini, katika jeshi hilohilo na akapigana kweli, alisema Meja alipigana vita vyake vyote ndani ya stoo, akihesabu mablanketi. Baba hakuwa mtu wa kusengenya. Akisema neno kama hilo ujue ameliona kwa macho yake.

Wakati huo vijana walikuwa wamerudi kutoka vitani Bama, wengine wamepungukiwa mkono, wengine wamepungukiwa akili, na Kibra ilikuwa bado ina miti. Sisi wenye asili ya Sudani tulikaa pale kwa sababu babu zetu waliletwa na jeshi, na walipozeeka wakapewa msitu wafyeke na kujenga. Nasema kupewa kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kusema. Hakuna aliyekuwa na hati. Tulichokuwa nacho ni karatasi ya ruhusa, moja kwa kila nyumba, iliyoandikwa jina la askari. Askari akifa, karatasi nayo imekufa, isipokuwa msimamizi akubali kuandika jina la mjane. Asipokubali, mjane hufunga virago, nyumba ikabomolewa na shamba likaota majani.

Baba alikufa mwaka wa mvua nyingi. Mama alipomaliza eda alikwenda ofisini kwa Meja, karatasi ya baba ameifunga kwenye pindo la leso. Akaambiwa angoje. Akangoja miezi minane. Kila alipokwenda alivaa vizuri, akapaka hina, akasimama mbele ya meza ile kama mtu aliyealikwa, na Meja hakuwahi kuinua kichwa amtazame. Alisema "ngoja" akiitazama kalamu yake.

Mimi nilikuwa nimeachwa na mume na kurudi kwa mama, kwa hiyo paa lake ndilo lilikuwa paa langu. Lakini sitaki kujipa umuhimu nisiokuwa nao. Mimi ningeweza kulala popote. Mama ndiye aliyezaa watoto sita katika chumba kile na kuwaombolezea wanne humohumo. Kuta alizikandika mwenyewe kila mwaka baada ya mavuno, mipera ya uani aliijua mmoja mmoja, upi unazaa mapema na upi una mabuu. Alikuwa amepita umri wa kuanza upya mahali pengine, na alijua hivyo, na mimi nilijua.

Basi ikaja kamati ya wazee. Kamati hiyo ilikuwa na watu watano na nishani nyingi kuliko meno. Nishani walizisugua kwa majivu na ndimu kila Ijumaa, na nina hakika wake zao hawakuwahi kusuguliwa hata sufuria kwa bidii ya namna hiyo. Walikaa barazani kwetu, wakanywa kahawa ya mama, wakaeleza shauri lao. Walitaka kumfanyia Meja karamu, na katika karamu wampe zawadi, na zawadi yenyewe iwe kichwa chake.

Wazo hilo lilitoka kwa mmoja wao aliyewahi kuwa mtumishi nyumbani kwa kamanda mkubwa. Kila asubuhi kazi yake ilikuwa kufuta vumbi kwenye sanamu ndogo ya shaba iliyokaa mezani, kichwa na mabega tu, na kichwa hicho kilikuwa cha kamanda mwenyewe. "Mzungu," alituambia kwa sauti ya mtu aliyesoma, "hapendi kitu kama kichwa yake." Shaba hawakuwa nayo. Udongo ulikuwepo, na mwenye mikono ya udongo alikuwa mimi.

"Binti ya shawishi," akasema mkubwa wao, "wewe si ndiyo unafinyanga vyetezo? Sasa kichwa itakushinda aje?"

Nikamjibu kwamba chetezo hakina pua.

"Pua ni kazi ndogo. Na sikiza. Siku hiyo tutampa pia orodha ya wajane wanaongoja karatasi. Jina ya mama yako tutaiweka ya kwanza. Moyo yake itakuwa laini, ataandika palepale."

Niliwadharau mno. Watu waliovuka majangwa na bunduki begani, sasa wanakuna vichwa namna ya kumfurahisha karani wa mablanketi. Nilitaka kuwaambia wamchongee matako yake, kwa kuwa ndiyo tuliyoyaona zaidi akipanda farasi. Lakini mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia na birika mkononi, na kabla sijafungua mdomo alisema kwa utulivu, "Atatengeneza."

Kulikuwa na jambo la dini. Sisi si watu wa kutengeneza sanamu, na wazee hao hao wangempiga mtoto fimbo akichora paka ukutani. Tukaenda wote kwa sheikh wa msikiti, mimi na mama nyuma, kamati mbele. Sheikh alikuwa mtu mwema na mwoga. Alifunga macho muda mrefu hadi nikadhani amelala. Kisha akasema kwamba kinachokatazwa ni umbo linalojifanya kiumbe kamili. Mtu aliyekatwa kifuani hana pa kuishi, hiyo ni nafuu ya kwanza. Na kitu chenye kazi ya nyumbani si sanamu, ni chombo. "Kitoboe tundu moja chini," akaniambia, "kofia yake iwe kifuniko, mtu aweze kutia kaa na udi ndani. Kitakuwa chetezo, na chetezo hakina dhambi."

Wazee walishukuru sana, wakatoka wakitabasamu. Walikuwa wamepata mlango wa nyuma, na mimi pia niliuona kuwa ni mlango wa nyuma tu. Mama alitoka bila kutabasamu. Alikuwa ameambiwa na sheikh kwamba hicho ni chetezo, basi kwake kikawa chetezo. Sikulitilia maanani hilo, na ndilo lililokuwa la kutiliwa maanani.

Picha ya Meja hatukuwa nayo. Nikamsindikiza mama ofisini siku ya wajane ili nimtazame. Nilikaa sakafuni na wanawake wengine tangu asubuhi mpaka adhuhuri na sikufanya lolote ila kumwangalia. Hakuna faida katika kudharauliwa isipokuwa hii moja, kwamba anayekudharau hakuoni ukimkodolea macho. Niliyaokota yote. Kidevu kilichokataa kutoka nje. Mdomo wa juu uliojificha chini ya masharubu kwa sababu ulikuwa mwembamba na wenye haya. Macho yenye kope nzito, jicho la kushoto likiwa chini kidogo ya la kulia. Masikio yaliyosimama mbali na kichwa, ya rangi ya nyama mbichi jua likipita nyuma yake. Nilirudi nyumbani nimembeba mzima, na niseme kweli, nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu niachwe.

Udongo nilichimba mtoni chini ya mteremko, pale ambapo mweusi unakutana na mwekundu. Mweusi peke yake hupasuka, mwekundu peke yake hauna utii. Nikasaga vigae vya chungu kilichovunjika, nikavichekecha, nikachanganya, nikauponda udongo kwa mti mpaka mikono ikafa ganzi, kisha nikaufunga katika gunia lenye maji na kuuacha ulale siku tatu. Kwa chetezo cha kawaida sijisumbui hivyo. Lakini kitu kidogo hakifichi ubaya wa udongo. Kokoto isiyoonekana kwenye mtungi ni jiwe zima kwenye shavu la mtu mwenye uso wa ukubwa wa yai.

Na ukubwa ulikuwa huo, kichwa kama yai la bata, na mabega yanayoenea kiganjani. Ili kiwe wazi ndani nilifunga majivu katika kitambaa nikafanya donge, nikalizungushia udongo wenye unene wa ganda la mhogo, nikaacha utosi wazi, pa kukalia kofia, ili baadaye nitoe majivu kwa kijiti. Cha kwanza kiliporomoka nilipotia pua. Nilikitazama kimelala mkekani kimevimba upande mmoja, nikacheka peke yangu. Cha pili kilifika mbali, masharubu na yote, kisha kikakauka haraka kwa upepo na kupasuka shingoni kutoka sikio hadi sikio. Hicho nacho hakikunihuzunisha. Wanawake waliopita kuazima chumvi walikiona na kuniuliza kama ni mgonjwa nani.

Cha tatu nilikiheshimu. Nilikifanya mchana wa saa tano na saa sita tu, mwanga unapoingia mlangoni sawasawa, na kila nikiacha nilikifunika kitambaa kibichi kama unga wa maandazi. Vyombo vyangu vilikuwa mwiba wa mgunga, ubavu wa mwavuli niliouponda ncha, sindano ya kushonea magunia, na kijiwe cha mtoni kwa kulainisha. Macho yalinichukua siku mbili. Jicho la mtu dogo namna hiyo hulichongi, unaliwekea kope mbili za udongo mwembamba halafu unabonyeza kivuli kati yake, na kivuli ndicho kinachotazama. Nilipobonyeza cha kushoto kikashuka kidogo chini ya cha kulia, Meja akafika. Alikuwa pale mkononi mwangu, ananingojesha.

Masharubu niliyaviringa kama uzi na kuyachana kwa sindano. Mabegani nilimpa taji la umeja, moja kila upande, kila moja dogo kama chembe ya mtama. Nishani zikaleta baraza zima. Meja alikuwa na tatu. Wazee walikuja, wakavaa miwani ya kuazimana, wakasema tatu ni aibu, wakabishana mpaka chai ikapoa, wakaamua sita. "Hakuna Mzungu anakataa nishani," alisema yule mfuta vumbi wa kamanda. Nikaweka sita. Kifua kilikuwa kidogo hata zikapanda moja juu ya nyingine kama choroko kwenye kijiko, na ndivyo alivyostahili, mtu aliyepewa asichofanyia kazi.

Hapo ndipo nilipofika kwenye matundu.

Tundu la chini nililitoboa kama sheikh alivyosema. Lilitosha. Kifuniko cha kofia nilikikalisha kwa kulegea kidogo kwa nyuma, ili hewa ipite, na kama mtu angetaka kufukiza, moshi ungetokea taratibu kisogoni, kwa adabu. Kazi ilikuwa imeisha. Udongo ulikuwa umefika ile hali ambayo haujakauka wala hauko mbichi, unakatika kama jibini, na sindano ya magunia ilikuwa mkononi. Nikamtazama. Nikamkumbuka mama amesimama na hina yake na Meja anaitazama kalamu. Nikaingiza sindano katika tundu la pua la kulia mpaka ikatokea ndani. Kisha la kushoto. Kisha masikio yote mawili.

Ukiangalia huoni kitu. Pua ina matundu, sikio lina tundu, nani angesema nimekosea? Nilijua mwenyewe tu kwamba kichwa cha Meja kilikuwa kimefunguka pande zote na ndani hamna kitu. Nilifikiri kitakaa juu ya meza yake miaka na miaka, kikavu na baridi, akikionyesha kwa wageni, na mimi nikiwa mbali ninacheka. Nilijiona mjanja. Mtu mnyonge akipata kisasi kisichoonekana hujiona mfalme, na mimi nilikuwa mnyonge wa kutosha.

Nilikichoma alasiri moja kwa mavi ya ng'ombe yaliyokauka, nikakitoa cheusi, nikakisugua kwa kijiwe na mafuta hadi kikang'aa kama kiatu cha gwaride. Kilikuwa kizuri. Kizuri kuliko chochote nilichofanya kabla au baada. Mama alikichukua mkononi akakigeuza polepole. "Ni yeye kabisa," akasema. Halafu akasema, "Kumbe ana macho ya kuchoka, maskini." Huruma yake kwa mtu yule iliniudhi.

Karamu ilifanywa uwanjani karibu na msikiti, saa kumi. Palipikwa pilau, mbuzi wawili, na vyakula vikafunikwa kwa tabaga, zile kawa za rangi ambazo wanawake wetu husuka kwa miezi. Kamati ilisimama kwenye mstari ikiwa imevaa makoti ya zamani yasiyofunga vifungo. Meja alikuja na mke wake na ofisa mmoja kijana kutoka mjini, mwenye vidonda vya jua puani. Zikatolewa hotuba. Kila hotuba ilisema sisi ni watoto na yeye ni baba, na iliyotamkwa kwa nguvu zaidi ilitoka kwa mzee aliyekuwa na umri wa kumzaa.

Kwa kuwa mama alikuwa wa kwanza kwenye orodha, waliamua yeye ndiye apeleke zawadi. Mimi nilikuwa nimesimama na wanawake, nikaona anatoka nyuma ya nyumba ya jirani akiwa amevaa gurbaba, shuka yake ya harusi, amebeba sinia juu ya viganja viwili, na juu ya sinia tabaga nyekundu. Kando ya tabaga palikuwa pakitoka moshi.

Niseme desturi yetu, kwa asiyeijua. Chetezo hakipewi mtu kikiwa baridi. Chetezo baridi ni cha nyumba ya msiba, siku ya kuanua tanga, kinapomwagwa majivu na kuwekwa kando. Anayemletea mgeni chetezo kisicho na kaa anamwambia kwamba amekwisha kufa. Kila mwanamke wa Kibra alijua hivyo, na mimi mfinyanzi nilijua kuliko wote, lakini katika kichwa changu kitu kile hakikuwa chetezo. Kilikuwa sanamu iliyopitishwa mlango wa nyuma. Mama peke yake ndiye aliyemwamini sheikh neno kwa neno. Alikuwa ameinua ile kofia ndogo, akaweka kaa la ukubwa wa harage, akatia udi wa mwisho aliobakiwa nao, udi aliofukizia maiti ya baba, na akafunika.

Alipofika mbele ya Meja akapiga goti kidogo, akaondoa tabaga.

Moshi ulikuwa umejaa ndani ukingoja. Ulitoka puani nyuzi mbili, ukapita juu ya masharubu. Ulitoka masikioni kushoto na kulia, ukasimama wima, kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na upepo. Meja mdogo, mweusi, wa kung'aa, na nishani zake sita, alikuwa anafuka.

Wanawake wetu wakapiga vigelegele. Waliona mgeni amepewa heshima ambayo hata masharifu hawajaipata, sura yake mwenyewe inanukia. Wazee walinyoosha vifua. Halafu nikasikia sauti ya kukohoa, na ilikuwa ni yule ofisa kijana, anajaribu kuzuia kicheko kwa leso na hawezi. Mke wa Meja akageuza uso. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Shingo ya Meja ilipanda rangi kutoka kwenye kola mpaka kwenye masikio yale yale niliyoyatoboa. "Hii ni nini?" akasema, kwa kile Kiswahili chao cha kuamrisha mpishi. "Nani nafanya hii?"

"Ni chetezo, bwana," mama akasema. "Ni heshima yako. Karibu."

"Veve nafanya mchezo na mimi?"

"La, bwana. Nanyi wageni, karibuni."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Meja kumtazama mama usoni. Miezi minane alikuwa amesubiri atazamwe. Alimtazama muda mrefu kabisa, kama mtu anayejifunza uso ili asiusahau, na mama akatabasamu kwa sababu alidhani anaonwa. Mkubwa wa kamati akaona huo ndio wakati, akasogea na orodha ya wajane, akainyoosha kwa mikono miwili. Meja akaipokea. Akauliza lipi ni jina la huyu mama. Mzee, kwa furaha, akaweka kidole kwenye jina la kwanza. Meja akakunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaondoka bila kugusa pilau. Kichwa kilibaki juu ya sinia. Ofisa kijana alikifunga katika leso yake na kukichukua, akimshukuru mama sana.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Wajane wote waliokuwa kwenye orodha walikubaliwa, nyumba zao na mashamba yao, mpaka mwisho wa maisha yao. Jina la kwanza lilikuwa limepigwa mstari mmoja ulionyooka, kwa rula. Kwa hesabu ya kamati hiyo ilikuwa siku njema, na sikulaumu hesabu yao. Mama alipewa muda mpaka mahindi yavunwe.

Kibra yote ilisema kosa ni la mama. Hawakusema kwa ukali, walisema kwa kumhurumia, na hiyo ni mbaya zaidi. Mama yako na makaa yake, waliniambia. Bibi mzima hajui mambo ya Wazungu. Sheikh alikuja kutupa pole, akakaa ukingoni mwa kiti, akaeleza kwamba yeye alisema chombo lakini hakusema kiwashwe. Wazee hawakuja. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini moshi ulitokea pale ulipotokea. Waliagiza kichwa cha mtu na hawakujua hata moshi wa chetezo hupita wapi, na mimi niliyejua nilinyamaza, nikaendelea kuwadharau kama kawaida, kwa kuwa hiyo ilikuwa rahisi.

Nyumba mama aliivunja mwenyewe, paa la madebe akilibandua debe baada ya debe, akinyoosha misumari kwa jiwe ili isipotee. Tulihamia Kawangware, kwenye shamba la mjane mmoja wa Kikuyu, Mkristo, mwenye kucheka kwa sauti. Alitupangisha chumba cha nyuma karibu na zizi la mbuzi. Ardhi ile ilikuwa ya baba mkwe wake na babu mkwe wake na hakuna mtu aliyemuuliza karatasi. Alikuwa mtu wa watu. Jioni ya kwanza alituletea chai ya maziwa ndani ya bakuli, akakaa kwenye kigoda, akauliza tumekujaje kuacha Kibra, mahali pa ndugu zetu.

"Niliharibu mimi," mama akasema. "Huyu alitengeneza kazi safi sana, kila mtu alisifu. Kaa nililiweka mimi. Ningekiacha baridi, leo niko kwangu."

Yule mwanamke akatikisa kichwa, kisha akanigeukia. "Ni hivyo, mama?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi, la maneno machache, na mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyekuwa na hasira. Nikasema ni hivyo.

Mama aliishi miaka saba katika chumba kile. Kila Idi ya kufungua, baada ya sala, watu wanapoombana radhi, aliniita, akanishika mikono yote miwili na kuniomba nimsamehe kwa ajili ya nyumba. Nami nilimsamehe, mara saba.